Akufukuzaye hakwambii toka: agizo la kurudi ofisini lipewe jina lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu makala mliyoichapisha wiki iliyopita, ambayo mwandishi wake alizipongeza kampuni kubwa za dunia kwa kile alichokiita kurejesha nidhamu, baada ya miaka kadhaa ya wafanyakazi wao kufanyia kazi nyumbani. Sina ugomvi na nidhamu, wala simo katika kundi la wanaodai kwamba ofisi imepitwa na wakati. Nimekaa ofisini zaidi ya miaka 20, mingi kati ya hiyo katika idara ya utumishi ya kampuni yenye matawi mengi, na hata leo nikiambiwa nichague nitachagua meza ya ofisini, kwa kuwa nyumbani mimi sina subira na kazi wala kazi haina subira nami. Ninachokipinga ni jina. Agizo la kurudi ofisini huletwa mbele yetu kama suala la mahali pa kufanyia kazi, nasi tunauingia mtego huo na kuanza kubishana kama kazi inakwenda vizuri zaidi nyumbani au ofisini, ilhali mara nyingi agizo lenyewe linafanya kazi nyingine kabisa: linapunguza watu bila ya mtu yeyote kuitwa aliyepunguzwa.

Amri hii haikuanza jana. Februari 2013 kampuni ya mtandao ya Yahoo, chini ya mkurugenzi mtendaji wake wa wakati huo, Marissa Mayer, iliwaambia wafanyakazi wake wa mbali kwamba utaratibu huo umekwisha. Mwaka 2017 ikafuata IBM, kampuni ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ikitolewa mfano wa mwajiri anayewaamini watu wake wafanyie kazi popote. Wafanyakazi wake wa masoko nchini Marekani walitakiwa kuhamia katika mojawapo ya ofisi chache zilizoteuliwa au kutafuta riziki kwingine. Lakini hao walikuwa wachache, na aliyekuwa na ruhusa ya kukaa mbali alijua kwamba ni ruhusa tu. Baada ya Shirika la Afya Duniani kuutangaza ugonjwa wa UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, iliongezeka idadi ya watu, na maneno waliyoambiwa nayo yakabadilika. Kazi ya mbali iliacha kuwa ruhusa ikawa ahadi. Mei 2020 Twitter iliwatangazia wafanyakazi wake kwamba anayetaka anaweza kufanyia kazi nyumbani milele. Milele hiyo ilidumu miaka miwili na nusu: Novemba 2022, siku chache baada ya Elon Musk kuinunua kampuni, ilifutwa kwa barua pepe. Amazon iliwataka wafanyakazi wake wa ofisini wafike siku 3 kwa wiki kuanzia Mei 2023, kisha tarehe 16 Septemba 2024 mkurugenzi mtendaji wake, Andy Jassy, akaandika waraka wa kuwarudisha kwa siku zote 5 kuanzia Januari 2025. Benki ya JPMorgan Chase ikafanya hivyo hivyo Machi 2025. Hata Zoom, ambayo riziki yake yote ni kuwakutanisha watu walio mbali, Agosti 2023 iliwataka wafanyakazi wanaoishi ndani ya maili 50 kutoka ofisini wafike siku 2 kwa wiki, jambo ambalo nakiri lilinichekesha.

Nieleze kwa nini naiona ahadi kuwa ndiyo kiini cha jambo. Katika miaka ile ya janga, kampuni niliyokuwa nikiitumikia iliajiri watu ambao hawakuwahi kuishi karibu na ofisi yetu yoyote, na mimi ndiye niliyewasomea masharti kwa simu. Mmoja wao alikuwa mhasibu, mama wa makamo anayemuuguza mzazi wake, naye aliniuliza mara mbili kabla ya kutia saini: "Na mkibadilisha?" Nilimjibu kwa maneno niliyopewa na wakubwa wangu, kwamba utaratibu huu ni wa kudumu. Katika mkataba wenyewe, kwenye kifungu cha mahali pa kazi, palikuwa na anwani ya makao makuu, kama ilivyokuwa katika mikataba yetu yote tangu zamani, kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kukirekebisha kifungu hicho. Miaka mitatu baadaye waraka ulipotoka, karatasi ilikuwa upande wa anwani ile, wala haikuwa upande wa sauti yangu ya kwenye simu.

Aliandika barua ya kuacha kazi, fupi na ya heshima, akishukuru kwa nafasi aliyopewa. Nilimfanyia mahojiano ya mwisho, ambayo nayo, kwa kejeli ya mambo, yalifanyika kwa video, na nikaijaza fomu huku ananitazama. Fomu ile ilikuwa na swali moja lenye visanduku: sababu ya kuondoka. Visanduku vilikuwa vitano: kupata kazi nyingine, masomo, ugonjwa, kustaafu, na sababu binafsi. Nikamuuliza nitie alama wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Weka pale mnapoweka siku zote." Nikaweka kwenye sababu binafsi. Mwezi ule niliweka alama hiyo mara 11, na taarifa iliyopanda kwa wakurugenzi ikasema kwamba watumishi 11 wameacha kazi kwa hiari kutokana na sababu binafsi. Hapakuwa na uongo hata mmoja ndani ya taarifa ile, ukiitazama mstari kwa mstari.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ni uzembe wa karatasi wa kampuni moja. Ningekubali, kama si kwamba wakubwa wenyewe wamekwisha kulisema jambo hili kwa vinywa vyao. Novemba 2024 Elon Musk na mfanyabiashara mwenzake Vivek Ramaswamy, walipokuwa wakijiandaa kupunguza watumishi wa serikali kuu ya Marekani, waliandika katika gazeti la Wall Street Journal kwamba kuwalazimisha watumishi hao kufika ofisini siku 5 kwa wiki kungeleta wimbi la watu kuacha kazi wenyewe, na kwamba wao wangelikaribisha wimbi hilo. Agizo likatoka tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wa pili wa Rais Donald Trump. Mwaka huo huo wa 2024 kampuni ya BambooHR, ambayo biashara yake ni programu za utumishi, ilichapisha matokeo ya uchunguzi ambao ndani yake robo ya wakuu wa kampuni waliohojiwa walikiri kwamba walitumaini baadhi ya watu wangeondoka wenyewe pale agizo litakapotolewa. Waliokiri ni robo. Waliokuwa na tumaini hilo wakanyamaza, kila mtu atawakadiria atakavyo. Wahenga hawakuhitaji uchunguzi. Walisema akufukuzaye hakwambii toka, utaona mambo yamebadilika.

Kwa haki, niseme pia kwamba Jassy alilikanusha jambo hili mbele ya wafanyakazi wake, akasema agizo lake halikuwa mlango wa nyuma wa kupunguza watu, nami sina ushahidi wa kumkadhibisha. Ila waraka ule wa Septemba ulikuwa na sehemu mbili, na hii ya pili haikuzungumzwa sana: kila idara kubwa ilitakiwa kuongeza uwiano wa watendaji wa kawaida kwa mameneja kwa angalau asilimia 15 kufikia mwisho wa robo ya kwanza ya mwaka 2025. Mkuu anapoandika katika karatasi moja kwamba anataka ngazi za mameneja zipungue, na katika karatasi hiyo hiyo akaongeza siku za kufika ofisini kutoka 3 hadi 5, anayeisoma karatasi hiyo akiwa meneja anayeishi mbali hahitaji kupigiwa ramli. Oktoba 2025 kampuni hiyo ilitangaza waziwazi kuondoa nafasi kama 14,000 za ofisini. Hilo ni jambo chungu, lakini angalau liliitwa kwa jina lake, na walioguswa walijua wamesimama wapi.

Kwa nini basi jina likwepwe? Si kwa aibu, maana zipo kampuni ambazo hisa zake hupanda siku zinapotangaza kupunguza watu. Linakwepwa kwa sababu ya hesabu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi atoe notisi ya siku 60 kabla ya kupunguza watu kwa wingi. Katika Umoja wa Ulaya, mwajiri anayetaka kuachisha kazi kundi la watu anatakiwa kwanza kushauriana na wawakilishi wao na kuijulisha mamlaka ya serikali. Juu ya hayo kuna fidia, kuna mafao, na mara nyingine kuna chama cha wafanyakazi kinachogonga mlango. Anayeandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake mwenyewe hayumo katika lolote kati ya hayo. Hahesabiwi katika idadi inayoilazimu kampuni itoe notisi, halipwi fidia ya kupunguzwa, na katika nchi nyingi anaweza hata kunyimwa malipo ya asiye na kazi, kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha kwamba ameondoka kwa hiari. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba ahadi ni deni. Katika vitabu vya kampuni hizi deni hilo halikuandikwa popote, na ndiyo maana halina wa kulilipa.

Ajabu ni kwamba hesabu hiyo, hata kwa mwenye kampuni, haitoki vizuri. Mwajiri anayepunguza watu waziwazi humchagua wa kubaki na wa kuondoka. Anayetumia agizo la ofisi huwaachia wafanyakazi wajichague wenyewe, na wanaojichagua kwanza ni wale wenye pa kwenda. Watafiti walioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh walifuatilia mienendo ya kazi ya watu zaidi ya milioni 3 wa sekta za teknolojia na fedha, kwa kutumia taarifa ambazo watu hao wenyewe huziweka kwenye mtandao wa LinkedIn, na matokeo waliyoyatoa mwishoni mwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba baada ya agizo walioondoka zaidi ni wanawake, wenye vyeo vya juu, na wenye ujuzi mkubwa, na kwamba kampuni zilichukua muda mrefu zaidi kuzijaza nafasi walizoziacha. Katika utafiti wa awali, baadhi ya watafiti hao walizitazama kampuni za orodha ya S&P 500 (orodha ya kampuni kubwa za soko la hisa la Marekani) zilizotoa agizo, wakakosa ushahidi kwamba faida au thamani yake iliongezeka; kilichoonekana ni wafanyakazi kuridhika kidogo kuliko zamani.

Sikushangazwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandaa jedwali la mahudhurio. Kila Ijumaa mchana mfumo wa kadi za mlangoni ulinitolea orodha, nami nikaipaka rangi: kijani kwa aliyetimiza siku zake, njano kwa aliyepungukiwa na moja, nyekundu kwa aliyepungukiwa na zaidi. Kijana mmoja alikuwa kijani wiki baada ya wiki, hakosi. Nilipokwenda kwa msimamizi wake kwa shughuli nyingine, nikaambiwa kwamba kazi za kijana huyo zote zimechelewa. Jedwali langu halikuwa na safu ya kuonyesha jambo hilo. Baadaye nikafahamu kwamba alikuwa akifika asubuhi, akipitisha kadi, akijichukulia kahawa ya mashine ghorofa ya chini, na kabla ya saa nzima kupita yuko njiani kurudi alikotoka. Mwenzake wa dawati la pembeni, ambaye alikuwa akifika siku 2 badala ya 3 lakini alikuwa akiikamilisha kazi ya watu wawili, alikaa kwenye nyekundu miezi miwili, akaitwa na kuonywa, na mwezi wa tatu akawa mmoja wa wale niliowatilia alama kwenye kisanduku cha tano.

Pamoja na hayo, sipendi kuwaonea wanaoitetea ofisi, kwa kuwa wana hoja nzito kuliko zile wanazozitumia. Wachumi watatu, Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais, walichunguza waandishi wa programu katika kampuni moja kubwa ya Marekani na kuona kwamba wale waliokaa jengo moja na wenzao wa timu walipata maoni mengi zaidi juu ya kazi zao kuliko wale ambao timu zao ziligawanyika katika majengo mawili, na faida hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana wanaoanza na kwa wanawake. Uzito uliwaangukia wakongwe, ambao kwa kufundisha wengine waliandika programu chache zaidi. Huo ni ukweli ninaoutambua. Kijana anayeanza kazi peke yake chumbani hujifunza kile tu alichojua kukiuliza. Aliyekaa jirani na mkongwe hujifunza hata kile ambacho hakujua kwamba hakijui, kwa kusikia simu ya mwenzake, kwa kuona uso wake unavyobadilika anaposoma barua ya mteja. Utafiti wa Microsoft juu ya wafanyakazi wake zaidi ya 61,000 wa Marekani, uliohusu nusu ya kwanza ya mwaka 2020, nao ulionyesha kwamba kazi ya mbali iliwafanya watu wajifungie katika makundi yao ya karibu, na mawasiliano na watu wa idara nyingine yakapungua.

Lakini tazama faida hizo zinatokana na nini. Zinatokana na mtu kukaa karibu na wale anaofanya nao kazi, si na mtu kukaa ndani ya jengo lenye nembo ya kampuni. Wiki ya kwanza ya agizo letu nilizunguka ghorofa zote tatu, nikiwa na daftari, kwa kuwa niliombwa niandike jinsi hali ilivyochangamka. Nilikuta safu za watu wenye vipokea sauti masikioni, kila mmoja akizungumza na skrini yake kwa sauti ya chini ili asimsumbue jirani, ambaye naye alikuwa akizungumza na skrini yake. Timu zetu zilikuwa zimetawanyika katika matawi manne, kwa hiyo mtu aliyerudi ofisini alirudi kukaa na watu asiofanya nao kazi, ili aongee kwa video na wale anaofanya nao. Vyumba vya mikutano vilikuwa vimeshikwa vyote. Kwenye ngazi za dharura, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, nilimkuta mkuu wa idara ameketi juu ya ngazi, kompyuta mapajani, akiongoza kikao cha watu wanane. Akaniashiria kwa kidole nipite taratibu. Amazon nayo, pamoja na utajiri wake wote, ililazimika kuahirisha tarehe ya kurudi katika baadhi ya ofisi zake kwa sababu nafasi hazikutosha. Ikiwa lengo lilikuwa kuwaweka watu pamoja, mtu angetarajia meza zihesabiwe kabla ya waraka kutolewa.

Mfano wa mwajiri aliyeanza na kuhesabu upo, na nashangaa haukutajwa katika makala yenu. Kampuni ya usafiri ya China, Ctrip, ambayo leo inaitwa Trip.com, ilianza kulichunguza jambo hili mwaka 2010, miaka 10 kabla ya janga. James Liang, mwanzilishi mwenza wake, akishirikiana na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichukua wapokea simu waliojitolea na kuwagawa kwa bahati nasibu: baadhi wafanyie kazi nyumbani siku 4 kwa wiki, wengine wabaki ofisini. Katika miezi 9 kazi ya waliokuwa nyumbani iliongezeka kwa asilimia 13, na idadi ya walioacha kazi ikapungua kwa nusu. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kuchagua upya, wengi walibadili mawazo, na upweke ulikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Kampuni haikuyaficha hayo. Mwaka 2021 ikarudia jaribio kwa wafanyakazi 1,612 wa ngazi za juu zaidi, safari hii kwa siku 2 tu za nyumbani, ikiwagawa kwa tarehe za kuzaliwa, witiri huku na shufwa kule. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024: walioacha kazi walipungua kwa theluthi, na kwa miaka miwili hapakuonekana tofauti katika tathmini za utendaji wala katika kupandishwa vyeo. Kilichonivutia zaidi ni mameneja. Kabla ya jaribio walikadiria kwamba siku za nyumbani zingeishusha kazi kwa wastani wa asilimia 2.6, baada ya kuiona kwa macho yao wakakadiria kwamba imepanda kwa asilimia 1. Kisha utaratibu ukapanuliwa kwa kampuni nzima. Sisemi kwamba kila mwajiri atapata majibu yale yale. Nasema kwamba huyu alikuwa na swali, na waraka ninaoulalamikia hauna swali ndani yake.

Kuna hoja moja ambayo sitaikawiza. Musk alisema mwaka 2023 kwamba si haki kimaadili kwa wenye kompyuta kubaki nyumbani wakati watu wa kiwandani hawana hiari hiyo. Ni kweli kwamba wengi wa wafanyakazi duniani hawakuwahi kuulizwa wanapenda kufanyia kazi wapi. Lakini bado sijaiona kampuni ambayo, baada ya kuwarudisha wahasibu ofisini, ilimpunguzia mlinzi wa zamu hata saa moja.

Ninachokiomba si kwamba mwajiri azuiwe kubadili mawazo. Biashara hubadilika, na aliyekosea mwaka 2020 ana haki ya kujirekebisha. Ninachokiomba ni kwamba gharama ya kubadili mawazo ibebwe na aliyebadili. Kwanza iandikwe. Uhispania ilitunga sheria mwaka 2020, ikaithibitisha mwaka 2021, inayosema kwamba anayefanya kazi kwa mbali kwa angalau asilimia 30 ya muda wake, katika kipindi cha miezi 3, awe na makubaliano ya maandishi. Na miongoni mwa yale yanayotakiwa kutajwa katika makubaliano hayo ni muda wa notisi endapo upande mmoja utataka kurudi katika hali ya zamani. Hapo hakuna mapinduzi yoyote, ni karatasi tu, lakini ni karatasi ambayo mhasibu yule angekuwa nayo mkononi badala ya kukumbuka sauti yangu. Uingereza imekwenda nusu ya njia: tangu Aprili 2024 mfanyakazi anaweza kuomba utaratibu huo kuanzia siku yake ya kwanza kazini, na ombi, kama tujuavyo, hubaki kuwa ombi.

La pili ni kuwahesabu wanaoondoka. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Uhispania, iliamua kwamba mwajiri akibadilisha kwa upande mmoja, kwa hasara ya mfanyakazi, jambo la msingi katika mkataba wake, kwa sababu zisizomhusu mfanyakazi huyo binafsi, na mfanyakazi akaondoka kwa ajili hiyo, basi kuondoka huko kuhesabiwe kuwa ni kuachishwa kazi. Shauri lile lilihusu mshahara uliokatwa, halikuhusu mahali pa kazi, na mawakili watakuwa na ya kusema juu ya tofauti hiyo. Kwangu mimi mantiki ni ile ile. Mtu aliyeajiriwa kwa neno kwamba atakaa alipo, kisha akaambiwa ahame au aache, hakuacha. Alipunguzwa, na apewe notisi na fidia ya aliyepunguzwa. Najua watakaojibu kwamba kwa masharti hayo hakuna mwajiri atakayethubutu tena kuahidi kazi ya mbali. Inawezekana wakaahidi wachache zaidi. Lakini ahadi chache zenye bei iliyoandikwa zingemfaa mtu anayepanga maisha ya wazazi na watoto wake kuliko ahadi nyingi zinazofutwa kwa barua pepe ya Jumatatu asubuhi.

Kwenu ninyi wa magazeti ninalo ombi dogo. Habari inapowafikia kwamba kampuni fulani imetoa agizo na watu kadhaa "wameamua" kuacha kazi, muulizeni msemaji wake mambo matatu kabla ya kulichapa neno hilo: watu hao waliajiriwa kwa masharti gani, kampuni ilikadiria wangeondoka wangapi, na nafasi zao zimetangazwa upya au zimefungwa. Jibu la swali la mwisho peke yake litawatosha kujua mnaandika habari ya aina gani.

Kabla sijaondoka katika idara ile, niliandika dokezo kuomba fomu ya mahojiano ya mwisho iongezwe kisanduku cha sita: kubadilishwa kwa mahali pa kazi. Nilijibiwa baada ya wiki mbili kwamba mfumo hauruhusu visanduku zaidi ya vitano. Nikapendekeza basi kiondolewe cha masomo, ambacho kwa miaka minne hakikuwa kimetiwa alama hata mara moja. Dokezo hilo la pili halikujibiwa.

Wenu msomaji,
Afisa utumishi mstaafu